Smuthi ya machungwa na tangawizi: inakuwa chungu, maziwa yanakatika. Tatizo liko wapi?

Dada wa Kimara

Habari za mchana wadau wa jikoni. Kwa joto hili la Dar naomba msaada wa smuthi ya machungwa na tangawizi, glasi mbili tu. Kwa sasa vinavyoingia kwenye blenda ni machungwa 4 yaliyomenywa na kukatwa katikati, tangawizi ya urefu wa kidole cha kati, maziwa freshi kikombe 1, sukari vijiko 2 vya chakula na barafu. Ikitoka tu ni tamu, ikikaa nusu saa inakuwa chungu. Maziwa yanakatika, vibonge vidogo vinashika kwenye kuta za glasi. Tangawizi inaacha nyuzi zinazonasa kwenye meno. Juu povu, chini maji. Blenda ni ya kawaida, wati 350, jagi la plastiki la lita 1.5. Ningependa kujua sababu ya kila tatizo, maana mapishi mapya yapo mengi ila hayaelezi chochote. Natanguliza shukrani.

Chujio la Chuma

Dada, anza na uchungu, kwa sababu huo ndio unaoharibu smuthi nyingi za machungwa.

Chungwa ukilikata katikati na kulitumbukiza hivyo hivyo, kisu kinasaga mbegu, ule moyo mweupe wa katikati na weupe uliobaki nje baada ya kumenya. Humo mna kitu ambacho hakina uchungu wowote kikiwa ndani ya tunda, lakini kikikutana na tindikali ya juisi kinageuka polepole kuwa limonini. Limonini ni chungu hata ikiwa kidogo mno. Ndiyo maana unaonja tamu, unaitwa mlangoni, ukirudi unakuta unakunywa dawa. Kuongeza sukari hakusaidii, utapata kitu kitamu na kichungu kwa pamoja.

Menya kwa kisu, usimenye kwa vidole. Kata kichwa na kitako cha chungwa, lisimamishe kwenye ubao, shusha kisu kufuata mviringo wake, utoe ganda na weupe wote mpaka uone nyama. Utapoteza nyama kidogo, usihuzunike. Kisha lilaze, kata vipande vya mviringo vya unene wa sentimita 1. Ukikata hivyo mbegu zote zinajionyesha, unazitoa kwa ncha ya kisu pamoja na ule moyo. Kati ya machungwa yako 4, mawili yafanye hivi na mawili yakamue. Chungwa la kati hutoa juisi ya mililita 60 hadi 80. Unapokamua acha pale juisi inapoanza kupungua. Ukiendelea kukandamiza mpaka ganda ligeuke, unakamua weupe na mafuta ya ganda, na uchungu unarudi kwa mlango mwingine.

Tangawizi sasa. Kidole cha kati kizima ni gramu 25 na zaidi, hiyo ni ya kuwasha koo. Kwa glasi mbili gramu 8 hadi 10 zinatosha, yaani kipande cha ukubwa wa pingili ya mwisho ya kidole gumba. Nyuzi zake zimelala kwa urefu, kwa hiyo ikate kwa upana, vipande vyembamba vya milimita 2. Ukiitia nzima au ukiikata kwa urefu, blenda haikati nyuzi, inazichambua tu.

Mpangilio ninaoupendekeza: juisi ya machungwa 2, tangawizi na juisi ya nusu ndimu (kijiko 1 cha chakula) vinaingia kwanza, saga sekunde 30, chuja kwa chujio la chai, suuza jagi. Rudisha ile juisi, tia vipande vya machungwa 2, ndizi mbivu 1 iliyogandishwa (karibu gramu 100 bila ganda) na chumvi kidogo sana, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Saga sekunde 20 hadi 25. Barafu vipande 5 au 6 iwe ya mwisho, kwa kubonyeza na kuachia mara chache. Inatoka karibu mililita 600.

Chumvi usiiruke. Haitasikika mdomoni, lakini inapunguza uchungu kuliko sukari inavyofanya.

Tindikali

Chujio kamaliza uchungu, mimi niseme maziwa.

Kuna vitu viwili vinayakata, na kila kimoja kingetosha peke yake. Cha kwanza ni tindikali. Protini kuu ya maziwa huanza kushikana na kuwa vibonge pH (kipimo cha tindikali, kikiwa chini ndivyo tindikali inavyozidi) ikishuka hadi karibu 4.6, na juisi ya chungwa iko chini ya hapo, mara nyingi kati ya 3.5 na 4. Ukiongeza ndimu ndiyo basi kabisa. Cha pili ni tangawizi yenyewe. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoitwa zingibaini, kinachokata protini kama kile cha kwenye utomvu wa papai. Kusini mwa China, huko Guangdong, wanatengeneza kitindamlo kwa kumimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yanaganda yenyewe bila kuongezwa kitu cha kugandisha. Kwenye smuthi ya baridi kazi hiyo inakwenda polepole, lakini inakwenda.

Kwa hiyo maziwa freshi hayana nafasi hapa. Ukitaka ladha ya maziwa tumia mtindi mzito usio na sukari, vijiko 4 vya chakula kwa glasi mbili. Mtindi umekwishaganda, tindikali haina la kuuongezea. Kile kimeng'enya kitaendelea kuukata hata hivyo, na mtindi uliokaa na tangawizi mbichi kwa saa kadhaa hupata uchungu wake mwingine, siyo ule wa chungwa. Dawa yake ni kuchemsha tangawizi kabla: gramu 10 kwa nusu kikombe cha maji, dakika 5, ipoe kabisa ndipo uitumie. Kimeng'enya hakivumilii joto la kuzidi nyuzi 70 za Selsiasi. Gharama yake ni kwamba ule ukali mpya wa tangawizi mbichi unalainika, inabaki harufu kama ya chai ya rangi. Kwangu mimi hiyo siyo smuthi ya kuburudisha, bora kuacha maziwa kabisa na kuiachia ndizi kazi ya uzito.

Bi Mkubwa wa Darajani

Nyongeza kutoka Unguja. Asiyetaka mtindi anaweza kutumia tui la nazi, halikatiki kama maziwa. Ila liwe tui la pili, lile jepesi, au uchanganye tui la pakiti na maji nusu kwa nusu. Tui zito la kwanza likikutana na barafu mafuta yake yanaganda, maana mafuta ya nazi hugeuka magumu chini ya nyuzi kama 24. Utaona chenga nyeupe na midomo inabaki na utelezi. Watu hudhani nazi imeharibika, kumbe ni baridi tu. Nusu kikombe cha tui jepesi kwa glasi mbili inatosha.

Na msimu wa machenza usiyapite. Ganda lake linatoka lenyewe, weupe ni mchache, na harufu yake inaelewana na tangawizi kuliko chungwa. Kazi iko kwenye mbegu, chenza lina nyingi, na zikisagika hakuna kitakachookoa. Chana kila kipande kwa kisu kidogo upande wa ndani, zisukume nje. Anayeona uvivu akamue tu kwa mkono juu ya chujio, machenza 6 kwa glasi mbili.

Danzi msilichezee. Lina harufu nzuri, lakini ni kali na lina uchungu wa asili. Kijiko kimoja cha chai badala ya ndimu, basi.

Chujio la Chuma

Bi Mkubwa, kwenye chenza umenena. Mimi ningeongeza tangawizi iwe pungufu kidogo kwa chenza, gramu 6 au 7, maana chenza halina tindikali ya kutosha kushindana nayo.

Mkulima wa Wote

Salamu kutoka Makueni. Naona mmeruka jambo la kwanza, nalo ni kuchagua tunda. Watu wengi huchagua kwa rangi, na kwa joto la kwetu rangi inadanganya. Ganda la chungwa hugeuka la manjano likipata usiku wa baridi. Chungwa la pwani, au la Muheza kule Tanga, linaweza kuiva kabisa na bado likawa kijani. Lipime kwa mkono. La kuchagua ni zito kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake, ganda laini na jembamba, vitundu vya ganda vikiwa vidogo. Lenye ganda nene la mabonde mabonde lina weupe mwingi na maji machache. Jepesi limekauka ndani.

Kuna machungwa yenye kitovu, hayana mbegu na huuzwa ghali supamaketi. Ni mazuri ya kula kwa mkono. Kwa kusaga hapana, kwa sababu hayo ndiyo yanayoongoza kwa uchungu unaokuja baadaye, hata bila mbegu. Yale ya kawaida ya mbegu chache, aina ya Valencia, yanavumilia zaidi. Kwetu Kenya pixie, aina ya chenza, pia inafaa, tamu na haina mbegu, ila weka ndimu nzima badala ya nusu kwa sababu uchachu wake ni mdogo.

Ukipenda harufu zaidi, kwaruza ganda la nje tu, ile rangi bila weupe, robo kijiko cha chai kwa glasi mbili. Fanya hivyo kwa matunda ya shambani uliyoyaosha na kuyasugua. Machungwa yanayotoka mbali kama Afrika Kusini au Misri mara nyingi hupakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu juu ya ganda. Hayo menya utupe ganda.

Fundi Jagi

Wati 350 zinatosha, zinachotaka ni utaratibu. Barafu nzima nzima vipande sita kwa mpigo ni mzigo kwa mota ndogo. Funga barafu kwenye taulo safi, igonge kwa mchi mara chache, halafu ndiyo itie. Ndizi ya kugandisha ikatwe vipande vya sentimita 2 kabla ya kuingia friza. Ukigandisha nzima, blenda hiyo itanguruma tu bila kusaga. Majimaji yatangulie chini, yafunike kisu, angalau mililita 150. Kisu kikizunguka kwenye uwazi kuna hewa tupu, mota inapiga kelele na hakuna kinachoshuka.

Saga sekunde 30, pumzisha dakika 1. Ukisikia harufu ya mpira ulioungua, yale meno ya plastiki yanayounganisha jagi na mota yanateleza, au mota imezidiwa. Zima, punguza vitu, ongeza maji ya matunda. Kulazimisha ndiko kunakopeleka blenda kwa fundi.

Kuhusu povu: linatoka kwa kuanza na mwendo wa juu, na kwa kusaga kiasi kidogo ndani ya jagi kubwa. Lita 1.5 kwa mililita 600 ni uwazi mkubwa, kisu kinavuta hewa. Anza mwendo wa 1 kwa sekunde 10, halafu panda. Ukimaliza gonga kitako cha jagi taratibu mezani, acha dakika 2, povu linashuka lenyewe.

Kama jagi linaanza kuvuja chini, angalia nyuzi za tangawizi zilizojizungusha kwenye shina la kisu. Chomoa blenda kwenye umeme, fungua kisu, zitoe. Zikikaa zinakula mpira wa kuzuia maji.

Dada wa Kimara

Asanteni sana, sasa naelewa. Maswali matatu yamebaki. Je, naweza kuandaa asubuhi ninywe jioni? Tangawizi ya unga inafaa? Na balungi linaweza kuchukua nafasi ya machungwa?

Tindikali

Asubuhi kwa jioni, smuthi yenyewe hapana. Hata kama uchungu umeudhibiti, vimeng'enya vya chungwa hushambulia pektini inayoshikilia ile rojo, nyama inazama na juu yanabaki maji ya rangi ya manjano. Viwandani huzuia hilo kwa kuipitisha juisi kwenye moto wa nyuzi 90 hivi kwa muda mfupi, na ndiyo maana juisi ya boksi haina ladha ya chungwa bichi. Nyumbani huna haja ya kufika huko.

Andaa viungo badala ya kinywaji. Tangawizi gramu 100 iliyoparuzwa ganda kwa ukingo wa kijiko, isage na maji mililita 100, ikamue kwa kitambaa safi, iache itulie dakika 15. Chini utaona mashapo meupe, hiyo ni wanga yake, na ndiyo inayoleta ladha ya unga mbichi ulimini. Mimina maji ya juu taratibu kwenye trei ya barafu, mashapo yaache. Utapata vipande karibu 10, na kipande kimoja ndicho kipimo cha glasi mbili. Ndizi zilizokatwa ziwe friza pia. Jioni inabaki kukamua na kumenya machungwa, dakika 10 kwa yote.

Ukilazimika kuweka, weka juisi tu: iliyochujwa, isiyo na mbegu, kwenye chupa iliyojaa mpaka mdomoni ili hewa isibaki, ndani ya friji, na iishe ndani ya saa 24.

Bi Mkubwa wa Darajani

Na msikamulie kwenye sufuria ya alumini wala kuiacha humo. Tindikali ya machungwa inashambulia ile alumini na juisi inashika ladha ya chuma. Bakuli la kioo, la udongo au la chuma kisichoshika kutu.

Tangawizi ya unga ni kali kwa namna nyingine, inawasha nyuma ya koo, wakati mbichi inachangamsha mbele. Inapokaushwa ule ukali wake hugeuka kuwa wa aina nyingine, mkali zaidi. Robo kijiko cha chai inatosha kwa glasi mbili. Usiinyunyize kwenye baridi, itaelea vidonge vidonge. Iloweke kwanza kwenye vijiko 2 vya maji ya moto, dakika 5, chuja kwa kitambaa.

Mkulima wa Wote

Balungi linafaa kwa wanaopenda uchungu, kwa sababu uchungu wake hauepukiki. Umo ndani ya nyama na ngozi za vipande, siyo kwenye mbegu peke yake. Toa ngozi zote za vipande ubaki na nyama tupu, na lisizidi nusu ya tunda kwa machungwa 3.

Jambo la tahadhari: balungi linazuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi za kushusha kolesteroli kama simvastatin na baadhi za presha kama felodipine. Dawa inajikusanya kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa. Kusogeza saa za kunywa hakutoshi, maana athari hiyo hukaa zaidi ya siku moja. Kama nyumbani kuna anayetumia vidonge vya kila siku, mwulize mfamasia kwanza au tumia machungwa ya kawaida. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye aulize kuhusu tangawizi kabla ya kuinywa kila siku.

Kijiko Tupu

Mimi napingana na Chujio kidogo kwenye kuchuja. Ukichuja kila kitu unakunywa juisi nzito, siyo smuthi.

Chujio la Chuma

Soma tena mkuu. Kinachochujwa ni tangawizi na juisi ya mwanzo, mwanzoni kabisa. Nyama ya machungwa na ndizi vinaingia baadaye na havichujwi. Mwenye blenda ya wati 1,000 anaweza kuruka hatua hiyo akikata tangawizi nyembamba, kisu chake kitazimaliza nyuzi. Kwa wati 350 zitabaki.

Dada wa Kimara

Nimeelewa. Na sukari? Vijiko 2 vya chakula nivibakishe?

Chujio la Chuma

Viondoe. Sukari ile ilikuwa inapigana na uchungu, na uchungu sasa haupo. Ndizi iliyoanza madoa meusi kwenye ganda inatosha. Onja baada ya barafu, siyo kabla, kwa sababu ubaridi unapunguza utamu mdomoni: kilicho sawa kikiwa na joto la kawaida kitaonekana kikali kikipoa. Ikihitaji, tia asali kijiko 1 cha chai, lakini ikoroge kwanza kwenye juisi kidogo isiyo na barafu. Asali ikidondokea kwenye baridi inakuwa ngumu na kubaki imenata chini ya kisu.